Aliyebaki na Macho

Kazini walimwita Mama Pasi, na jina hilo hakulikataa, ingawa hakuwahi kuzaa mtoto wa kumpa haki ya kuitwa mama. Ilikuwa dobi kubwa inayofulia mahoteli. Nyuma mashine zilinguruma kutwa nzima, mbele kulikuwa na meza ndefu zilizovikwa blanketi kuukuu, na wanawake walisimama kando ya meza hizo, kila mmoja na pasi yake, mvuke ukiwapanda usoni na harufu ya wanga ikiwaingia mpaka kwenye nywele. Mama Pasi ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote. Msimamizi alimweka mwisho wa mstari makusudi, ili kila shuka lipite mbele ya macho yake kabla ya kukunjwa. Doa la chai lililogoma, uzi uliofumuka kwenye pindo, unywele mmoja juu ya foronya nyeupe, vyote aliviona, tena bila miwani, katika umri ambao wenzake wanashika simu kwa urefu wa mkono kama wanaosukuma mlango.

Wasichana wa pale walimtania sana. "Mama Pasi, hebu tupia jicho huko benki, mishahara imeshaanza safari au bado imekaa?" Naye hucheka nao, kwani alipenda kucheka. Lakini akitokea mgeni asiyejua, akasema, mama, macho haya umeyatoa wapi, utamwona anainamisha kichwa na kukandamiza pasi mpaka shuka linapiga kelele. Wa zamani walijua swali hilo haliulizwi. Kwa nini haliulizwi, hawakujua.

Habari yenyewe ilikuwa hivi.

Alizaliwa wa mwisho, msichana peke yake nyuma ya kaka wawili. Baba yao alikuwa seremala, na alipofuka akiwa bado na nguvu za kuinua gogo begani. Hakuumwa, hakuanguka, hakuingiwa na kitu. Alianza kwa kugonga bega kwenye fremu za milango alizozipachika mwenyewe. Kisha akawa anaangusha vikombe vilivyowekwa pembeni yake. Kisha ukawa unaweza kusimama ubavuni pake muda mrefu na asijue kama kuna mtu, mpaka ukohoe. Alikuwa kama anayetazama dunia kupitia bomba, na bomba lenyewe kila mwaka linazidi kuwa jembamba, hadi siku moja likaziba. Binti yake ndiye aliyemshika mkono, akamlisha, akampeleka uani na kumrudisha, mpaka alipomfumba macho ambayo hayakuwa na kazi tena.

Baba hajatimiza miaka mingi kaburini, kaka mkubwa akaanza kugonga milango. Yeye alirithi karakana na vyombo vya baba, randa na misumeno, na watu walimwita Seremala kama alivyoitwa mzee. Dada akamhudumia naye. Baadaye akafuata kaka wa pili, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mluzi, maana hakuweza kuvuka hata kizingiti bila kupiga mluzi. Huyu ndiye aliyekuwa pacha wa roho wa yule binti. Alimfundisha kupanda mti, kuogelea, na kudanganya kwa uso mkavu. Dada alipoona Mluzi naye anaanza kupapasa kikombe, alikwenda nyuma ya choo akalia mpaka akatapika.

Sasa Seremala alikuwa na mke, mwanamke mwenye ulimi usiojua kulala. Huyo wifi akakaa akapiga hesabu zake. Mzee alikuwa analishwa na mkono wa nani? Wa binti. Mume wangu je? Wa huyo huyo. Na Mluzi? Kila anayepita mikononi mwake anazimika, na yeye mwenyewe anatunga uzi kwenye sindano magharibi pasipo taa. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema wifi, na akalisema jikoni, kisha kisimani, kisha dukani. Maneno hayana miguu lakini yanamshinda mwenye baiskeli. Muda si muda ikawa inajulikana kuwa yule msichana ana jicho baya, kwamba anakula macho ya wenzake ndiyo maana yake hayachoki. Kijana aliyekuwa ameshaleta posa akatuma watu kuirudisha nyuma, kwa adabu kabisa.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Kaka yake alimwambia. Aliita majirani uani pa karakana, mchana kweupe, watu wakakaa juu ya mbao na magogo, na Seremala akasimama akielekeza uso mahali ambapo dada yake hakuwapo, akasema: "Toka. Na hayo macho yako uondoke nayo."

Mluzi alikuwapo. Aliegemea nguzo, uso chini. Hakutoa neno wala mluzi. Maneno ya kaka mkubwa yaliuma, lakini kilichomkata maini yule binti ni ule ukimya wa kaka mdogo, na aliubeba kutoka mji hadi mji, zaidi ya alivyobeba furushi la nguo zake.

Akafua majumbani, akafua hospitalini, mwisho akafika kwenye ile dobi na kutulia. Miaka ikapita, tena mingi. Habari ya kifo cha Mluzi aliipata sokoni, kwa mfanyabiashara wa mbao aliyeropoka bila kumjua ni nani: yule kipofu, ndugu yake Seremala, alishazikwa, kaburi lake limeshaota majani. Alimshukuru, akanunua alichokuja kununua, akarudi kazini. Siku hiyo alipiga pasi mpaka wenzake wakaondoka.

Basi mchana mmoja msimamizi akamwita kuwa ana mgeni. Nje amesimama mwanamke wa makamo, nguo safi, chaki imemganda kwenye pindo la mkono. Mama Pasi hakuhitaji kuambiwa. Paji lile la uso lilikuwa la baba yake mzazi. Alikuwa binti wa Seremala, ambaye Mama Pasi alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga mpaka kitambaa kikachanika, na sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Wakakaa nyuma ya dobi, juu ya vikapu vilivyopinduliwa, kati ya kamba za mashuka. Mwalimu, aliyekuwa amemtafuta kwa kuuliza mji hadi mji, akaeleza kwa kukatakata. Mama yake, yule wifi, alishatangulia mbele ya haki. Yeye mwenyewe, miezi ya karibuni, watoto wa safu ya pembeni walikuwa wakinyoosha mikono darasani na yeye hawaoni, wenzao wanacheka, naye akidhani wanacheka kitu kingine. Akaenda kliniki ya macho. Wakampulizia hewa machoni, wakampima, wakamwambia ni presha ya macho, ile wanayoiita glakoma. Daktari alimuuliza habari za ukoo wake. Alipotaja babu, baba na baba mdogo, daktari akaweka kalamu chini akamtazama. Akasema kuna kipimo cha vinasaba, kinachoangalia kama ugonjwa unashuka kwa damu. Wanataka damu ya waliougua, na wanataka pia, kama yupo, damu ya mtu mzima wa ukoo huo huo ambaye amezeeka na macho yake mazima, ili walinganishe.

"Mlisema nimekula macho," alisema Mama Pasi. "Sasa mnataka na damu."

Mwalimu alisema yeye wakati ule alikuwa mtoto, na Mama Pasi akamjibu kwamba anajua, kisha akamwambia arudi salama, kazi inamngoja. Alikuwa ameshaamua moyoni kuwa hapana. Damu nzito kuliko maji, wanasema, lakini hao hao wa damu ndio waliommwaga kama maji ya kufulia.

Ila alikuwa amemletea chai, maana mgeni ni mgeni. Kikombe kilikuwa juu ya tofali, kulia kwa Mwalimu. Alipotaka kunyanyuka kwenda, Mwalimu alipeleka mkono kukichukua amalizie, na mkono ukapita pembeni ya kikombe, ukarudi, ukakigonga, chai ikamwagika kwenye viatu vyake. Akaomba radhi, akacheka kidogo kwa aibu. Mama Pasi alibaki ameutazama ule mkono. Alishauona kwa baba yake. Alishauona kwa Seremala na kwa Mluzi. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Niambie ni siku gani," alisema.

Kwenye kliniki alikwenda na gauni lake jema, alilolipiga pasi kama shuka la hoteli. Mwalimu alikuwa amemhakikishia kwamba baba yake, Seremala, ataletwa kesho yake, wasikutane. Lakini mambo ya kupangwa na watu hupanguliwa na gari. Jirani mwenye gari alikuwa na nafasi siku hiyo hiyo, akamleta mzee, akamkabidhi kwa nesi, na nesi, asiyejua lolote la watu hawa, akamshika mkono na kumketisha kwenye benchi la korido, bega kwa bega na mwanamke aliyekuwa akingoja zamu yake. Mwalimu wakati huo alikuwa ndani akijaza karatasi.

Mama Pasi aligeuka barafu. Kaka yake alikuwa amekwisha, amebaki mifupa na ngozi, lakini mikono ilikuwa ile ile, mipana, ina makovu ya patasi, na kidole gumba hakina ukucha. Fimbo aliiegemeza katikati ya magoti. Macho yake yalikuwa wazi, yamepauka, yanatazama ukuta wenye bango la jicho kubwa lililochorwa.

Mzee hakupenda kukaa kimya karibu na mtu. Akakohoa, akauliza kwa sauti ya heshima, "Mama, hiyo sindano yao inachoma sana?"

"Kidogo tu," alijibu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa mvuke wa miaka yote ile. Haikuwa tena sauti ya yule msichana.

"Nawe una shida ya macho?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili ya ndugu."

Mzee akatikisa kichwa, akasema ndugu ni kitu kikubwa. Kisha akaongeza: "Basi Mungu akulindie macho yako, mama."

Ndipo Mama Pasi alipoona kuwa shati la mzee limefungwa kombo, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili, na kola imekaa upande kama ya mtoto aliyevaa mwenyewe. Hakuna wa kumtazama asubuhi, alijua hilo papo hapo. Alijizuia, akajizuia tena, kisha akashindwa. Akamwambia kuwa shati lake limekaa vibaya, kama haoni ubaya atamrekebishia. Mzee akainua kidevu, kama watoto wafanyavyo. Akamfungua vifungo vyote na kumfunga upya, kimoja kimoja, akamnyoosha kola kwa kiganja. Mzee akashukuru, akasema mikono yake inanukia usafi.

Nesi akaita. Mama Pasi akaingia, akatoa mkono, akageuza uso wakati damu ikipanda kwenye kichupa. Haikuwa nyingi. Alipotoka alipitia mlango wa nyuma.

Majibu hayakuja upesi, kwa sababu damu yenyewe ilipelekwa maabara ya mbali. Katikati hapo Mama Pasi aliunguza foronya, kitu ambacho hakikuwahi kutokea, na wasichana wakanyamaza kama waliofiwa. Msimamizi aliichukua ile foronya akaitupa mwenyewe.

Siku ya majibu daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, aliwauliza kwanza, mmoja mmoja na faragha, kama wanakubali kusomewa kwa pamoja au kila mtu apewe yake. Wote walikubali. Mama Pasi angeweza kutumiwa neno kwa simu, lakini alitaka kulisikia kwa masikio yake, na alitaka Seremala naye alisikie akiwa mahali pamoja naye. Walipoketi, Mwalimu akamshika baba yake goti akasema, baba, shangazi ameshafika, yupo humu ndani. Mzee alikaza fimbo.

Daktari alieleza kwa mifano. Alisema ndani ya jicho kuna maji yanayozunguka, na yana mfereji wake wa kutokea. Mfereji ukiwa mbovu maji yanarudi, presha inapanda, na polepole inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, ikianzia picha za pembeni. Hakuna maumivu, ndiyo maana watu hawajui. Ziko aina nyingi, na nyingine huwapata watu ambao ukoo wao hauna historia yoyote. Lakini katika ukoo huu wamekipata kinasaba chenye hitilafu. Mzee anacho. Binti yake anacho. Kila mtoto wa mwenye nacho anazaliwa kama sarafu iliyorushwa juu: huenda akakipata, huenda asikipate. Na kukipata si lazima kupofuka, alisisitiza hilo akimtazama Mwalimu, maana matone ya kila siku na vipimo vya kila mara vinaweza kuilinda nuru iliyobaki. Iliyokwisha kupotea ndiyo hairudi.

"Na mama huyu," alisema, "hakukirithi. Hakuna alichofanya na hakuna alichokwepa. Sarafu yake iliangukia upande wa pili, basi."

Mama Pasi alikuwa ameyangoja maneno hayo nusu ya maisha yake. Usiku na mchana, juu ya mashuka ya watu wasiomjua, alikuwa ameshajitungia atakavyosema siku yakija. Sasa yamekuja. Alichouliza kilimshangaza hata yeye.

"Na Mluzi?"

Daktari hakumjua Mluzi. Mwalimu akamweleza kuwa ni baba mdogo, marehemu. Daktari akasema aliyekufa hawezi kupimwa sasa, ila kwa maelezo yalivyo, bila shaka naye alikuwa nacho.

Hapo Seremala akasema, akiongea na sakafu. Alisema Mluzi alikwenda hospitali mapema, kabla hajaharibikiwa sana, wakati akiwa bado anaona uso wa mtu. Alipewa kichupa cha matone. Waliompa walimwambia ayatumie siku zote za maisha yake na asiache hata akiona hajambo. Alikuja nacho nyumbani kwa furaha. Dada yao alikuwa ameshafukuzwa wakati huo.

"Mimi ndiye niliyemwambia amwage," alisema. "Nilimwambia dawa ya hospitali haiwezi jicho la mtu. Nikamwambia tuko kwenye kumaliza mambo haya kwa njia nyingine. Akamwaga mbele yangu. Nilisikia."

Mama Pasi akamgeukia daktari. "Kama angeyatumia?"

"Siwezi kuapa, mama. Lakini pengine angeona mpaka siku anakufa."

Basi alikwenda pale kusafishwa jina, akaondoka na msiba mpya. Maana mpaka saa ile alikuwa amemlilia Mluzi kwa kunyamaza kwake uani. Hakuwa amewahi kumlilia kwa miaka yote aliyopapasa kuta akiwa na dawa iliyomwagwa chini, kwa sababu ya uongo uliokuwa na sura yake yeye. Ukweli wa damu ungechelewa hata bila uongo wao, lakini macho ya Mluzi hayakuwa na haja ya kungoja maabara. Yalihitaji matone tu, na mtu wa kumkumbusha. Na mtu wa kumkumbusha walikuwa wamemfukuza.

Aliinamisha uso kwenye mapaja, na Mwalimu akamwekea mkono mgongoni. Daktari akatoka kidogo akawaachia chumba.

Ndipo mzee akasema, kwa sauti ndogo, "Kumbe ni wewe uliyenifunga shati."

"Ni mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ungehama benchi."

Machozi yalimtoka mzee na hakuyafuta, na pua pia, na hakuna aliyemwambia. Kisha akamuuliza dada yake afanye nini. Akasema nyumba ni yake, chumba cha baba kipo, arudi akae hata kesho. Mama Pasi akamwambia hataki chumba. "Ulinifukuza mbele za watu," alisema. "Nisafishe mbele za watu."

Mzee alitimiza, hilo lazima lisemwe. Alituma ujumbe nyumba kwa nyumba, akaomba watu waje uani pa karakana siku ya mapumziko, alasiri. Mama Pasi akafika mapema na lile gauni lake. Usiku kucha alikuwa amejipanga jinsi atakavyowatazama, mmoja baada ya mwingine, wale waliokaa juu ya magogo siku ile: mwenye duka, mama wa nyumba ya kona, yule fundi cherehani aliyetikisa kichwa kukubali kila wifi alipozungumza.

Mwenye duka alikuwa amekufa. Mama wa nyumba ya kona alihamia kwa wanawe. Fundi cherehani alikufa zamani. Karakana yenyewe ilikuwa imekodishwa kwa vijana wa kuchomelea mageti, na uani palijaa vyuma badala ya mbao. Waliokuja ni wapangaji, wanawake wenye watoto wachanga, vijana watatu wanne waliodhani kuna kitu kinagawiwa. Kutoka siku zile alikuwapo mzee mmoja tu wa nyumba ya pili, na huyo masikio yalikuwa yameshaziba. "Wanagawa nini?" alikuwa akiuliza kila mara, na kijana wa pembeni akimjibu kwa ishara kwamba bado.

Seremala akasimama, Mwalimu amemshika kiwiko. Safari hii aliuliza kwanza dada yake amekaa wapi, akageuza uso hapo hapo. Akasema yote. Akasema baba yao alipofushwa na ugonjwa, na yeye, na ndugu yake. Kwamba ugonjwa unakaa kwenye damu na umeonekana kwa vipimo. Kwamba huyu dada yake hakuwa na jicho baya, hakuwa na kosa, na alifukuzwa kwa dhuluma. Akasema kichupa cha Mluzi nacho, ambacho hakuna aliyemtaka akiseme. Sauti ilimkatika mara kadhaa lakini alimaliza.

Watu walimsikiliza kwa heshima, kama unavyosikiliza habari za ukoo wa mtu mwingine. Walisema pole. Mpangaji mmoja aliuliza hicho kipimo kinapatikana wapi, maana baba yake naye haoni, na Mwalimu akamwelekeza, akamwambia aanze kwa kupimwa presha ya macho tu, hilo ni jepesi. Vijana wakarudi kwenye mageti yao. Mama mmoja kijana akamsogelea Mama Pasi, mtoto kiunoni, akamuuliza kwa upole, "Samahani bibi, hivi wewe ndiye nani kwao?"

Hakuna aliyekuwa amebaki na ile shutuma. Ilikuwa imekufa na wenyewe, mmoja mmoja, bila kumwachia hata mtu wa kuiambia kwamba ilikuwa uongo. Iliishi kwake tu. Alisimama katikati ya vyuma akatafuta uso wa kuutazama, asiupate.

Mwalimu alimpeleka kaburini kwa Mluzi. Aling'oa magugu, akakaa kidogo, akamwambia aliyoyataka kumwambia, na Mwalimu alisimama mbali asisikie. Walipokuwa wakirudi ilibidi Mama Pasi amshike Mwalimu mkono kwenye mtaro, kwani jua lilikuwa linashuka na pembeni Mwalimu hakuona vizuri.

Hakurudi kuishi pale. Seremala alimsihi, na yeye akamwambia, bila hasira, kwamba nyumba imezoea kukaa bila yeye, na yeye amezoea kukaa bila nyumba. Lakini alikuwa akija. Siku za mapumziko alikuja, akamfulia kaka yake mashati, akamfunga vifungo, wakala pamoja wakizungumza habari za baba yao alipokuwa anaona. Habari za Mluzi walishindwa kuzizungumza. Kila walipozianza, mmoja wao aliinuka kutafuta maji. Mwalimu alishika matone yake kama sala. Binti yake alipelekwa kliniki, macho yakakutwa mazima, na daktari akasema suala la kumpima damu lingoje awe mkubwa achague mwenyewe, muhimu ni macho yaangaliwe kila mwaka. Mwalimu hakulala vizuri kwa jambo hilo, na sidhani kama analala vizuri hata sasa.

Seremala alikufa msimu wa baridi uliofuata, kifua. Safari hii Mama Pasi aliitwa kabla ya mtu mwingine yeyote, akafika kwa wakati, akamwosha uso kwa mkono wake. Msibani wanawake walikaa ndani kwenye mikeka, wengi wao wapangaji na walimu wenzake Mwalimu. Alipoingia hakujua akae wapi. Mwanamke mmoja asiyemfahamu akamuuliza, kwa sauti ya chini ya msibani, marehemu alikuwa nani wake.

"Kaka yangu," alisema.

Yule mwanamke akasogea akampa nafasi.